Doti ya Khanga ya Mkuu wa Uwanja

Hata leo nikipita mahali palipoanikwa mpunga siwezi kwenda zangu bila kuinama, kuokota punje moja na kuiuma. Wajukuu zangu wananionea haya. Wananivuta mkono, "Bibi, twende, watu wanatutazama." Nawaambia waacheni watazame. Meno haya yaliyobaki yamenilisha miaka mingi kwenye uwanja wa mashine ya mpunga hapa Ifakara, na mawili niliyoyapoteza niliyapotezea kazini.

Nawaandikia ninyi vijana, na hasa ninyi mabinti mnaokalia viti vya ukuu siku hizi, kwa sababu mmoja wenu alinifuata juzi baada ya misa. Ameteuliwa kuwa mkuu wa idara kazini kwake, akagundua kwamba mwanamume aliyemtangulia alikuwa na marupurupu ambayo yeye hakuandikiwa. Akaniuliza, "Bibi, nidai, au ninyamaze nishukuru?" Sikumjibu pale pale. Nilimwambia nitaandika, maana jibu langu ni refu na lina aibu ndani yake. Mimi nilidai kwanza kwa njia mbaya, halafu nikadai kwa njia nzuri, na nisingefika popote bila watu watatu ambao mpaka leo nawaombea.

Niwaeleze uwanja ulivyokuwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, reli haijafikiriwa, na barabara ya Mang'ula ilikuwa ya kiangazi tu. Chama cha wakulima wa mpunga kilikuwa na mashine moja ya kukoboa, ghala moja la mabati, na uwanja mpana uliopigwa udongo ukawa mgumu kama sahani. Mpunga ulikuja kwa lori kutoka Mang'ula na Kisawasawa, ukaja kwa mitumbwi na vichwani kutoka mashamba ya bondeni. Wakuu walikuwa watatu, na ndivyo walivyoitwa, Wakuu: karani mkuu, fundi mkuu wa mashine, na mkuu wa uwanja. Wengine wote tulikuwa vibarua. Wanawake wa kuanika na kupepeta tulikuwa kumi na wawili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kazi ya uwanja ni kujua mpunga ukauke kiasi gani kabla haujaingia mashine. Mtu asiyejua anadhani ni kazi ya jua. Ukiuma punje ikabonyea, bado mbichi, ukiipeleka itasonga mashine. Ikilia "ka!" ikakatika vipande viwili safi, peleka. Ikisagika mdomoni kama mchanga, umeshachelewa, hiyo ni chenga hata kabla ya kukobolewa. Na chenga, kwa ninyi mnaonunua mchele kwenye mifuko, ni punje zilizovunjika. Mnunuzi kutoka Morogoro alikuwa akichota kiganja cha mchele, akaona chenga nyingi, bei inashuka papo hapo mbele ya macho yako.

Mama yangu, aliyekuwa na shamba karibu na mto Lumemo, hakuuacha mpunga wake juani mchana kutwa. Jua likipanda utosini aliukusanya rundo, akaufunika kwa majamvi, akasema, "Umechoka, uache ulale." Alasiri akautandaza tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni huruma tu, kwamba mama anaonea huruma hata mpunga. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mpunga unaopigwa na jua bila kupumzika unapasuka ndani, huoni kitu kwa nje, na ukifika kwenye mashine unavunjika wote. Kanuni za chama zilizobandikwa ukutani zilisema mpunga uanikwe juani siku mbili. Kulala hakukuandikwa. Aliyeziandika, nadhani, hakuwahi kushika jamvi.

Sasa nilipataje ukuu? Mkuu wa uwanja aliyekuwepo alisikia kwamba mashamba ya mkonge ya Kilosa yanalipa vizuri, akafunga mizigo katikati ya msimu. Kamati ilishtuka. Fundi mkuu, Mzee Polikarpo, akawaambia, "Mpeni Otilia. Yule anajua mpunga kuliko aliyeondoka." Nikapewa barua. Iliandikwa kwamba nashikilia nafasi hiyo kwa muda, hadi apatikane mtu anayefaa. Mtu anayefaa alitafutwa miaka minne.

Mshahara wangu ulikuwa nusu ya ule wa bwana aliyekwenda Kilosa, na jina langu lilibaki kwenye ukurasa wa Vibarua Wanawake. Sikulalamika. Nilifurahi mno, msinicheke, nilivaa ufunguo wa ghala shingoni na kamba yake, nikaenda nao hata kanisani. Mume wangu, mvuvi wa Kilombero, mtu wa maneno machache, aliniuliza kama nalala nao pia. Nililala nao.

Mzee Polikarpo alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mrefu, amekonda, shati lake lote mafuta ya injini. Huyo ni wa kwanza katika watu wangu watatu. Alikuwa na fimbo fupi ya mninga. Ncha moja aliiweka kwenye kasha la mashine, ya pili sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Akifumbua macho anakwambia visu vimelegea, au mkanda unateleza, au "Otilia, huu mpunga wako una maji." Alinifundisha kusikiliza kwa fimbo ile. Mafundi wa siku zile hawakupenda mwanamke asogelee injini, walisema khanga itanaswa na mkanda. Yeye aliniambia nijifunge vizuri, basi.

Na alinifunika kosa langu la kwanza. Mwaka ule wa kwanza nilijiona hodari, nikachanganya mpunga wa Mang'ula na wa bondeni katika rundo moja ili kazi iende haraka. Mang'ula iko chini ya mlima, mvua hainyeshi kwa kalenda kule, mpunga wake huja na unyevu ndani hata kama ganda ni kavu. Mimi nikauma punje tatu, zote kwa bahati mbaya zikawa za bondeni, zikalia "ka!" vizuri kabisa. Nikafungua mpunga uingie mashine. Mashine ikasongwa, ikatoa moshi, mkanda ukaruka na kumkosa karani mkuu kwa kiganja kimoja. Kamati ikaja mbio. Mzee Polikarpo akawatazama, akasema, "Mkanda ulikuwa mzee." Walipoondoka akanigeukia. "Mama Gaudensia, leo umeuma punje ngapi?"

"Tatu, Mzee."

"Rundo lote lile, punje tatu? Hata kuku anadonoa zaidi."

Tangu siku ile niliuma kumi kila rundo, tano za juu na tano za chini kabisa, na sikuchanganya mpunga wa sehemu mbili tena maishani. Kama mnataka kitu kimoja cha kazi kutoka kwangu, chukueni hicho.

Mtu wa pili ni Mama Siwema. Alinizidi umri, alikuwa uwanjani tangu mashine iliposimikwa, na mkono wake ulikuwa na akili ya peke yake. Aliingiza mkono chini ya jamvi kwenye mpunga uliolala, akautoa, akasema, "Bado kidogo," au "Sasa." Mimi nilileta kulaza mpunga pale uwanjani, lakini bila mkono wa Mama Siwema nisingejua kuufunua wakati gani, maana rundo kubwa la chama halikuwa kama la mama yangu. Na kulaza ni kazi mara mbili. Unakusanya, unafunika, unafunua, unatandaza upya, kila siku, kila rundo. Migongo iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake kumi na mmoja, sasa mimi nikiwa nimesimama na ufunguo wangu. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwisho wa msimu kulikuwa na siku ya kupima. Wanachama wote walikusanyika uwanjani. Mchele wa debe moja ulimwagwa kwenye nyungo, wanawake wakautenga, nzima huku, chenga huku, halafu chenga zikapimwa kwa kibaba mbele ya watu. Zikiwa chini ya vibaba vitatu, Wakuu walipata bahashishi. Ilikuwa nzuri, mshahara wa miezi miwili kwa mpigo. Miaka yangu mitatu ya kwanza hazikufika vitatu hata mara moja.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Lambati, alikuwa mtu mpole, mkulima mzuri, sauti yake ya kanisani. Alisimama akatangaza, "Fundi mkuu, bahashishi." Makofi. "Karani mkuu, bahashishi." Makofi. "Na mama yetu wa uwanja, kwa kazi yake njema..." Akatoa doti ya khanga. Vigelegele! Mwaka wa kwanza nilijifunga ile khanga palepale nikacheza. Mwaka wa pili nilicheza. Mwaka wa tatu nilicheza kidogo.

Kwa sababu mwaka ule wa tatu Mzee Polikarpo alikuwa amemaliza kuezeka nyumba yake kwa bati. Asubuhi likimulikwa na jua nililiona kutoka mlangoni kwangu. Mimi masika nilikuwa nahamisha vitanda vya watoto kutoka pembe hii kwenda ile, na vyungu vya kukinga maji vimejaa sakafuni hata huna pa kukanyaga. Gaudensia, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa akikohoa kila mvua zinapoanza, na nilikuwa nimemwahidi bati. Nilikuwa na doti tatu za khanga na paa linalovuja. Nikaona si dhambi kuuliza.

Nilimkuta Mzee Lambati ghalani.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Khanga umeipenda?"

"Nimeipenda, Mzee, asante. Lakini nauliza. Bwana aliyekwenda Kilosa alipata bahashishi ya mkuu wa uwanja. Ya kwangu iko wapi?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki. "Mama Gaudensia, bahashishi ni ya kumtia mwanamume moyo asihame. Yule hatukumwongeza mapema, akahama. Wewe una mume hapa, una watoto hapa. Utahamia wapi?"

"Na mimi sihitaji kutiwa moyo?"

Akacheka kwa upendo kabisa. "Mwanamke moyo anao tayari. Ndiyo maana tunawasifu."

Nilirudi nyumbani. Maneno yale hayakuwa matusi, na ndiyo maana sikupata pa kuyashika. Yaani kwa kuwa nilifanya kazi vizuri bila kulipwa, ndiyo sababu ya kutonilipa. Ningekuwa mvivu au mhamaji ningekuwa na bati.

Sasa aibu yangu. Msimu wa nne nilifanya kazi kama kanuni zilivyosema. Jua siku mbili, basi. Sikulaza mpunga hata rundo moja. Siku ya kwanza jua lilipopanda, Mama Siwema alisimama na jamvi mkononi akaniuliza, "Otilia, hatuulazi?"

"Kanuni haisemi kulaza," nikamjibu.

Alinitazama muda mrefu. Akakunja jamvi lake, akaketi kivulini na wenzake. Walifurahia kupumzika, wengine waliniombea baraka.

Mchele ukaanza kutoka umevunjika. Mwanzoni moyo wangu ulifurahi, siwadanganyi. Nilisema acha waone. Lakini walioona hawakuona kitu, maana hakuna aliyefikiria uwanja. Wote walitazama mashine. Mzee Polikarpo aliifungua, akanoa visu, akaifunga. Chenga. Akaifungua tena, akabadilisha wavu. Chenga. Mara ya tatu aliitandaza yote kwenye turubai, kila msumari, akaisafisha kwa mafuta ya taa kama anaosha mtoto mgonjwa.

Kamati ikakata shauri kwamba mashine imerogwa. Msicheke, au chekeni, sisi wenyewe tulicheka baadaye. Wakristo wa kamati walimleta padri, akainyunyizia maji ya baraka. Waislamu wa kamati wakasema si haki, mashine ni ya wote, wakamleta shehe, akaisomea. Mimi nilisimama katikati na ufunguo wangu shingoni, nikafanya ishara ya msalaba huku nikijua mchawi ni nani. Padri alipopita na maji yake tone moja likaniangukia usoni, nikaruka kama nimeunguzwa. Karani mkuu akaniuliza nina nini. Nikasema ni nzi.

Bei ilishuka. Shangazi yangu wa Kisawasawa, aliyelima peke yake tangu afiwe na mumewe, alikuja na lori kuchukua malipo yake, akaniuliza, "Mwanangu, mpunga wetu mwaka huu una kasoro gani? Mbegu ni ile ile." Nikamwambia sijui. Kumdanganya shangazi yako machoni si kazi nyepesi, na huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni.

Bado sikukiri. Kiburi kilikuwa kimeshanipanda. Kilichonivunja ni Mzee Polikarpo. Nilimkuta asubuhi moja ameketi kwenye kigoda karibu na mashine, fimbo yake ya mninga mapajani. Kamati ilikuwa imemwambia kwamba siku ya kupima ikipita na chenga hizi, watatafuta fundi kijana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Otilia, masikio yangu yameniacha. Nasikiliza, nasikia mashine nzima, haina ugonjwa. Halafu mchele unatoka hivi. Basi ni mimi niliyeharibika."

Mtu aliyenifunika kosa langu mbele ya kamati, aliyenipa ukuu kwa mdomo wake, ndiye niliyekuwa nimemfanya asiyaamini masikio yake mwenyewe. Nikaketi chini, hapo hapo kwenye pumba, nikamweleza yote. Khanga, bati la kwake, maneno ya Mzee Lambati, majamvi yaliyokunjwa.

Halafu akainuka, akaweka kiganja kwenye kasha la mashine. "Kwa hiyo ni nzima," akasema, na akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa lile shati la mafuta. Kisha kicheko kikakatika. "Umeniacha miezi mitatu napigapiga mashine nzima kwa nyundo, mwanangu. Hilo nitalisahau polepole."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimesema polepole, sikusema sitasahau." Akaketi tena. Akaigeuzageuza fimbo yake, akasema, "Na ile bahashishi niliyoezekea. Nilidhani ni masikio yangu."

"Ni masikio yako, Mzee. Na mpunga uliolala."

"Basi bati langu nusu yake ni lako," akasema, "na mimi nalala chini yake kama bwana." Sijawahi kusikia mwanamume mwingine akisema vile bila kulazimishwa, na kwa hilo namshukuru mpaka kaburini kwake, ambako nafagia mwenyewe.

Kulikuwa na siku chache tu kabla ya kupima, na magunia machache ya mwisho, yote ya shamba la shangazi yangu. Tuliyagawa mafungu mawili. Fungu moja tulilianika kwa kanuni. La pili nilimwendea Mama Siwema, nikamwomba radhi, nikamwomba na mkono wake. "Nilikuwa nangoja uje," akasema, akakunjua jamvi.

Siku ya kupima uwanja ulijaa. Mzee Polikarpo akaomba yapimwe madebe mawili badala ya moja, mashine ile ile, fundi yule yule, shamba lile lile. Debe la kwanza chenga zilikaribia vibaba sita. Watu wakaguna. Debe la pili hazikufika viwili. Mzee Lambati akauliza kwa furaha, "Mashine imepona?"

"Mashine haikuugua," Mzee Polikarpo akasema. "Mwulizeni mkuu wa uwanja."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo mbele za watu. Nilisimama.

"Miaka mitatu mpunga wenu tuliulaza. Kanuni haisemi, na hakuna aliyetulipa kwa hilo. Mwaka huu nilifuata kanuni. Mwaka huu nimefanya kazi mliyonilipia. Ile nyingine nilikuwa nawapa bure."

Uwanja ukalipuka. Mmoja akapaza sauti nifukuzwe. Mwingine akasema hata bwana wa Kilosa hakutufanyia hivi. Mzee Lambati akainua mkono. "Mama Gaudensia, ulifanya hivi kutukomoa?"

"Ndiyo, Mzee. Wakulima nawaomba radhi kwa magoti, niliwaumiza na hamkunikosea. Kamati siiombi radhi kwa kufuata kanuni yake yenyewe."

Hapo akasimama shangazi yangu. Alinigeukia mimi kwanza. Sitaandika yote aliyoniambia, itoshe kwamba niliinamisha kichwa na kila neno lilinistahili. Alipomaliza na mimi akaigeukia kamati. "Na ninyi. Mlipoambiwa mashine imerogwa mlileta padri, mkaleta shehe. Aliyekuwa akiuanika mpunga mlikuwa naye hapa kila siku, hakuna aliyemwuliza. Mimi nataka mpunga wangu ulale. Mlipeni anayeulaza." Akaketi. Huyo ndiye mtu wangu wa tatu.

Nilikatwa mshahara wa mwezi mzima, na nikasema asante, maana ilikuwa haki. Bahashishi hakupata mtu mwaka ule, na khanga pia sikuiona. Lakini Mzee Lambati alifanya jambo ambalo wakuu wengi niliowaona baadaye hawakuliweza. Alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, akaketi, akatazama juu, akaona mbingu kupitia nyasi za paa. Akasema, "Nilikwambia una moyo tayari. Nadhani nilikuwa nakwambia nyamaza." Msimu uliofuata jina langu lilihamia ukurasa wa Wakuu. Maneno ya kushikilia kwa muda yakakatwa kwa wino. Mshahara ulipanda, haukufika ule wa bwana wa Kilosa kwa miaka miwili zaidi, sitaki kuwadanganya. Bahashishi ndiyo iliandikwa sawa na ya fundi mkuu, kwa sababu Mzee Polikarpo aliwaambia kwamba bila hivyo hatatia sahihi ya kwake.

Siku ya kupima ilipofika, chenga zilikuwa kidogo mpaka Mama Siwema alizitafuta kwa kucha. Niliitwa mezani. Karani mkuu alikuwa ameshaweka kidau cha wino tayari kwa kidole gumba changu. Nikamwambia anipe kalamu. Niliandika jina langu lote, polepole, herufi kubwa, chini ya jina la Mzee Polikarpo, na yeye akasimama pembeni anatazama kana kwamba ni mwanawe anabatizwa. Nikachukua bahasha. Nilishaliona bati likimetameta kichwani mwangu. Nikageuka niondoke.

Mama Siwema alikuwa amesimama njiani na ungo wake, wenzake kumi nyuma yake. Hakuwa na hasira. Alitabasamu.

"Hongera, Mkuu," akasema. "Na sisi tuliokuwa tukiulaza, tunatiwa moyo na nini?"

Mdomo wangu ulifunguka kumjibu, na nawaapia, maneno yaliyokuwa yamekaa ulimini yalikuwa ya Mzee Lambati, neno kwa neno. Ninyi moyo mnao tayari. Mtahamia wapi? Nilikuwa na bahasha mkononi kwa muda usiotosha kuchemsha chai, na tayari niliyajua.

Niliufumba mdomo. Binti uliyeniuliza baada ya misa, dai, dai kwa jina lako na mbele za watu, wala usimharibie mwingine kazi ili uonekane. Lakini siku ukipewa, usiondoke mezani haraka. Bati la Gaudensia lilichelewa mwaka mmoja mwingine, na alinisamehe, kwa kuwa nilimweleza kwa nini.

Nilirudi mezani. Mzee Lambati alikuwa anafunga daftari.

"Umesahau nini, Mkuu?"

"Majina kumi na moja," nikamwambia, nikaiweka bahasha mezani igawanywe, nikachukua tena kalamu, nikaanza na la Mama Siwema.